Deni la Joto

Hita niliinunua Novemba 2022 kwa pauni 18, nikaiingiza nyumbani ndani ya begi la nguo za kufua. Ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye feni ndani na kitufe cha kuchagua wati 1,000 au wati 2,000. Naanza na lile begi kwa sababu mtu anayenunua kitu halali kwa pesa yake halali, kisha akakiingiza kwake kama mwizi wa kuku, ameshajijibu swali ambalo hajaulizwa na mtu.

Tulikuwa watu wanne, ukimhesabu mtoto, katika nyumba ya matofali mekundu mtaa wa Harehills, Leeds. Nyumba hizo zilijengwa enzi za viwanda, zimepeana migongo: ukuta wako wa nyuma ndio ukuta wa nyuma wa jirani. Kuta zilizobaki ni tofali tupu, hazina uwazi katikati ambao ungejazwa kitu cha kuzuia baridi. Chumba cha chini alikaa mzee kutoka Kisii aliyefanya kazi ya usiku ghalani. Chumba cha kati alikaa dada kutoka Bujumbura na mwanawe wa miezi minane. Sote tulimwita Mama Mtoto. Mimi nilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Kiswahili ndicho kilichotuweka pamoja: changu cha Njombe, cha mzee chenye Nairobi ndani yake, na chake cha Buyenzi, ambacho mwanzoni nilikisikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

Kodi ilijumuisha gesi, haikujumuisha umeme. Gesi iliwasha boila, boila ikapasha maji yaliyozunguka kwenye rejeta za ukutani, na saa ya kuiongoza boila ilikuwa ndani ya kabati lenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao mwenye nyumba. Joto lilikuja saa 12 asubuhi likaondoka saa 2. Likarudi saa 11 jioni, likaondoka saa 2 usiku. Ilikuwa ratiba ya mtu wa ofisini mwenye watoto wa shule, na nyumbani kwetu hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Saa 2 usiku mzee ndiyo kwanza anafunga kamba za viatu aende kazini. Mimi nilihudumia wazee majumbani mwao, nikarudi saa 4 usiku kukuta rejeta ya baridi kama sufuria iliyosahauliwa nje. Mama Mtoto alishinda ndani saa zile 9 za mchana zisizo na joto, mtoto mgongoni, blanketi moja juu yao wote wawili.

Umeme ulikuwa wa kulipia kabla. Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo marefu: ni LUKU, ila badala ya kubonyeza tarakimu 20 unachukua ufunguo wa plastiki, unaupeleka dukani, unalipa, unarudi kuuchomeka kwenye mita. Kila mtu mzima alitoa pauni 10 kwa wiki, na ufunguo ukakaa kwenye kikombe juu ya friji. Serikali ilitoa vocha za kusaidia watu umeme majira yale, lakini zilitumwa kwa jina la mwenye akaunti, yaani mwenye nyumba, nasi hatukuziona. Tulikuwa na sharti moja tu kati yetu: hakuna hita vyumbani. Mzee ndiye aliyelisema. "Hiyo kitu inakula, dada," aliniambia. "Itatumaliza."

Alikuwa sahihi. Kuanzia Oktoba 2022 yuniti moja ya umeme Uingereza ilikuwa kama peni 34, na yuniti ya gesi kama peni 10. Hita ya wati 1,000 inakula yuniti moja kwa saa, haina siri zaidi ya hapo. Maboksi dukani yanasema hii inaokoa, ile ina teknolojia mpya, na ni maneno ya kuuzia tu: hita yoyote ya umeme ya kuchomeka ukutani inageuza umeme wote iliopewa kuwa joto, ya pauni 18 sawasawa na ya pauni 200. Kinachotofautiana ni kelele, usalama, na joto linaelekezwa wapi. Kwa hiyo joto lile lile nililolipata kwenye umeme lingepatikana kwa gesi kwa karibu theluthi ya bei, hata ukiondoa linalopotea kwenye bomba la moshi la boila. Nilichagua la bei ghali kwa sababu la bei rahisi lilikuwa limefungiwa kabatini.

Hoja yangu haikuwa ya kijinga, na sipendi insha ambazo mwandishi anajifanya alikuwa mjinga ili aonekane ameerevuka. Nilikuwa nimekipima chumba changu kwa kipimajoto, usiku wa manane: nyuzi 13. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2018 kwamba nyumba katika nchi za baridi isishuke chini ya nyuzi 18, na zaidi ya hapo palipo na watoto wachanga, wazee au wagonjwa. Mimi nafanya kazi ya kuwavisha wazee soksi; mwongozo huo tumefundishwa. Nilijua kwamba baridi ya ndani haimalizikii kwenye kutetemeka, kwamba inapandisha shinikizo la damu na kukaa kifuani. Isitoshe, kupasha nyumba nzima yenye ghorofa tatu ili mtu mmoja alale ni ubadhirifu. Pasha mtu, usipashe nyumba. Hayo ndiyo niliyojiambia, na hadi leo sioni kosa katika sentensi yenyewe.

Niliweka wati 1,000, saa 4 kila usiku. Yuniti 4, pauni 1 na peni 36. Kwa wiki, pauni 9 na peni 52. Hesabu hiyo niliifanya usiku wa kwanza kwenye simu, nikaifuta.

Desemba ile ilikuja baridi ambayo Leeds nzima iliizungumza. Wiki ya pili ya mwezi, mchana kutwa nje palikuwa na baridi kali, na barabara za mteremko zikawa kioo. Umeme wa pauni 30 tuliozoea kumaliza nao wiki ukaisha Ijumaa. Wiki iliyofuata ukaisha Alhamisi usiku, taa zikazima mzee akiwa kazini na mimi nikiwa kitandani, na nikamsikia Mama Mtoto akishuka ngazi gizani akipapasa ukuta, akimwimbia mtoto kwa sauti ya chini ili asiamke. Nilibaki nimelala. Hita yangu ilikuwa bado inatoa ule mlio wa bati linalopoa.

Jumapili mzee aliitisha kikao jikoni. Hakumtuhumu mtu. Aliweka risiti za dukani mezani, akazipanga kwa tarehe, akauliza tu: "Sasa hii imetoka wapi?" Sote tulitazama mashine ya kufulia. Haikuwa njama, macho yalikwenda yenyewe. Mashine ile ilikuwa inazunguka karibu kila siku, na mwenye mtoto alikuwa mmoja.

"Labda ni mimi," alisema Mama Mtoto. "Mtoto anachafua nguo sana. Nitaongeza tano kila wiki."

Mzee akasema, "Si kukulaumu, mama."

Na mimi nikasema, "Usijali dada, ni hii baridi tu."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko sala. Kukaa kimya kungekuwa uoga, na uoga nauelewa. Lakini mimi nilizungumza. Nilimfariji mtu kwa mzigo niliokuwa nimemtwika mimi, na alinishukuru kwa macho. Kuanzia siku hiyo alilipa pauni 15 kwa wiki na mimi 10. Nusu ya joto langu, pauni 5 kati ya zile 9 na peni 52, ilikuwa inatoka kwenye pochi ya mwanamke asiye na kazi mwenye mtoto mchanga.

Mimi nimetoka kwenye baridi, na hili watu wa hapa hawaliamini. Wakisikia Tanzania wanaona mchanga na minazi. Njombe mwezi Juni na Julai ukungu unakaa hadi saa 4 asubuhi, na kuna siku mabondeni unakuta sakitu, umande ulioganda, umelala juu ya majani ya viazi kama unga. Jioni tulikwenda kuota moto jikoni kwa bibi: mafiga matatu, kuni za miwati, viazi ndani ya majivu. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa mtu anayeota moto, mtu anayeota ndoto na mbegu inayoota, na nikiwa mdogo nilidhani ni jambo moja lenye nyuso tatu, kwa sababu yote niliyaona yakitokea katika kile kibanda.

Sitaki kukifanya kibanda kile kuwa pepo. Babu alikaa upande ambao moshi hauendi. Wageni baada yake. Watoto tulijibana katikati. Bibi alikaa palepale moshi ulipokwenda, kwa sababu ndipo ilipokuwa mikono ya vyungu, na macho yake yalikuwa mekundu hadi anazikwa. Moto ule nao ulikuwa na wakubwa na wadogo wake. Kuhusu jiko la mkaa, huko kwetu kila msimu wa baridi husikika habari ya watu walioliingiza ndani, wakafunga mlango na dirisha, wasiamke. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haioni ikija. Bibi hakujua jina la hewa hiyo, lakini alilitoa jiko nje kila usiku kabla ya kulala, hata tulie namna gani.

Ila kuna jambo moja la pale ambalo limenisaidia kufikiri. Asubuhi moto ukiwa umezimika, mtoto alitumwa na kigae kwa jirani kuomba moto. Hakuna aliyenyimwa. Bibi alimpa kaa la moto hata mtoto wa mwanamke ambaye walikuwa hawasalimiani. Lakini kuni alizihesabu, na ukimgusia kuni uso ulibadilika. Nilidhani ni tabia mbili zinazopigana. Sasa naona alikuwa anajua hesabu: moto ukiugawa haupungui, kuni hupungua. Alikuwa mkarimu kwa kile kisichopungua na mwangalifu kwa kile kinachopungua, na kila mtu kijijini alijua kipi ni kipi. Kwenye mita tofauti hiyo imefutika. Huwezi kuomba kaa la umeme. Moto na kuni vimekuwa kitu kimoja kinachoitwa yuniti, kila unachowasha kinatoka kwenye kikombe kilicho juu ya friji, na kikombe hakisemi kimechotwa na nani. Babu kwenye nafasi yake nzuri alionekana na wote. Mimi kwenye yangu sikuonekana na mtu.

Nimejaribu kujitetea, na utetezi mmoja unastahili kusikilizwa. Mama Mtoto kweli alitumia umeme mwingi kuliko sisi, kabla hata ya hita. Kufua, kuchemsha chupa, taa mchana. Kwa hiyo usawa wa pauni 10 haukuwa haki tangu mwanzo, na mimi nilikuwa namlipia yeye kabla yeye hajanilipia mimi. Inaelekea kusimama, hoja hiyo, hadi uiulize inatumia kanuni gani. Kama joto ligawiwe kwa kuhitaji, basi hita ilipaswa kuwa chumba cha kati, kwenye kitanda cha mtoto. Kama ligawiwe kwa kulipa, basi pauni 9 na peni 52 zilipaswa kutoka kwangu. Nimetafuta kanuni ambayo kwayo hita inakaa chumbani kwangu na bili inakaa kwake, sijaipata. Matumizi yake tulikuwa tumeyaona na kuyakubali bila maneno, kama unavyokubali kilio cha mtoto anayeishi nyumba yako. Yangu hayakuwahi kupelekwa mbele ya mtu ayakubali au ayakatae.

Lakini hapo nilikuwa bado sijafika kwenye kiini. Nilifika Januari, kwa njia ya taulo.

Nilikuwa nimetoka kuoga saa 5 usiku, nikatandaza taulo kwenye kiti mbele ya hita, nikalala. Harufu ndiyo iliyoniamsha. Pembe ya taulo ilikuwa imedondoka mbele ya feni, imekuwa kahawia, na moshi mwembamba ulikuwa unapanda ukiwa umenyooka kama uzi. Nilichomoa, nikaikanyaga taulo, nikafungua dirisha. Na hili ndilo ninaloliona aibu: wazo langu la kwanza, kabla ya moto, kabla ya mtoto, lilikuwa kwamba harufu isishuke ngazini wakanigundua. Nilisimama dirishani na baridi ya nje inaingia nikipunga hewa kwa gazeti.

Ndipo nikaikumbuka Bronx.

Tarehe 9 Januari 2022, mwaka mmoja kabla, katika jengo la ghorofa 19 liitwalo Twin Parks North West jijini New York, watu 17 walikufa, 8 wakiwa watoto. Familia nyingi za pale zilikuwa zimetoka Gambia. Idara ya zimamoto ilisema chanzo ni hita ya umeme ya kuhamishika iliyoharibika, iliyokuwa imeachwa ikiwaka kwa siku nyingi. Moto wenyewe haukwenda mbali na nyumba ulipoanzia. Moshi ndio ulioua: milango iliyopaswa kujifunga yenyewe haikujifunga, na ngazi zikawa bomba la kuupandisha juu. Wapangaji walisema waliwasha hita kwa sababu jengo lilikuwa na baridi, katika jiji ambalo sheria yake inamtaka mwenye nyumba ahakikishe karibu nyuzi 20 ndani wakati wa mchana majira ya baridi.

Habari hiyo niliisoma nikiwa Leeds, na nakumbuka hasira yangu. Siku za kwanza kila kichwa cha habari kilitaja hita, kana kwamba chombo kilijichomeka chenyewe. Mimi nilijua papo hapo swali lilipaswa kuelekezwa wapi: kwa nini mtu anayelipa kodi jiji tajiri kiasi kile anahitaji kununua joto la pili dukani? Kwa nini mlango haukufunga? Nilijua mdaiwa ni nani, na hadi leo naamini nilikuwa sahihi. Ilikuwa rahisi kumjua kwa sababu nilikuwa ng'ambo ya bahari na hakuna aliyekuwa ananidai mimi.

Nikiwa nimeshika gazeti dirishani niliona vizuri kitu nilichokuwa nimefanya tangu Novemba. Nilikuwa na dai la haki. Joto nililodai lilikuwa stahili yangu, na aliyekuwa ananidhulumu ni mtu mwenye ufunguo wa kabati. Ila yeye alikuwa mbali, ana kufuli, ana mkataba, ana uwezo wa kunitoa. Na Mama Mtoto alikuwa ng'ambo ya sakafu, na mlango wake hauna komeo. Nikachukua deni langu halali nikalikusanya kwa mtu ambaye hakuwa mdaiwa wangu. Yeye mwenyewe alikuwa anamdai mtu yule yule, tena zaidi. Nadhani hivi ndivyo dhuluma nyingi za watu wadogo kwa watu wadogo zinavyotokea. Si kwamba hatuna haki. Tunayo, na kwa sababu tunayo dhamiri inalala. Hita ya kuhamishika inalifanya jambo hilo liwe jepesi mno: kumdai mwenye nyumba kunahitaji barua, jina lako chini yake, na moyo, kumdai jirani kunahitaji soketi.

Na sikumchukulia pesa tu. Kila aliyewahi kusoma karatasi inayokuja na hita anajua: ichomekwe moja kwa moja ukutani, isichomekwe kwenye ekstensheni, ikae mita moja kutoka kwenye kitu chochote kinachoshika moto, isianikiwe nguo, isiachwe ikiwaka umelala. Nilivunja yote manne, na niliyavunja kwa sababu ya siri. Soketi ya ukutani ilikuwa karibu na mlango ambapo mwanga ungeonekana chini, basi nikatumia ekstensheni hadi uvunguni. Taulo ningeianika bafuni, ila nilikuwa na joto langu la kuficha, nikalitumia lote. Mtoto wa miezi minane, tisa sasa, alikuwa amelala chini yangu usiku huo akibeba hatari ambayo hakuna aliyemuuliza mama yake kama anaikubali. Hilo halina bei kwa yuniti.

Asubuhi nilimgongea. Nilikuwa nimeweka pauni 30 kwenye bahasha, tano mara wiki sita. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, pamoja na taulo. Alinisikiliza huku anamnyonyesha mtoto. Akafungua bahasha, akahesabu, akaitia chini ya mto.

"Haya," alisema. "Pauni zimerudi. Na hii?"

Alininyooshea mkono. Vifundo vya vidole vilikuwa vimepasuka, vyekundu, kimoja kina damu iliyokauka. Tangu kile kikao alikuwa ameacha kutumia mashine. Alikuwa anafua nguo za mtoto kwenye beseni la kuogea kwa maji ya bomba, ya baridi, ili umeme utoshe. Nilikuwa nimeziona zile nguo zikining'inia zikichuruzika. Nilikuwa nimedhani mashine imeharibika. Si kweli, hata hilo sikulidhani, sikudhani chochote.

Nilisema pole. Neno hilo kwa Kiswahili unaweza kulisema kwa mtu ambaye hujamkosea kabisa, na wakati huo nilitamani lingine, zito zaidi. "Nisamehe" nilishindwa kulitamka, ningekuwa namwomba kitu kingine tena juu ya vile nilivyokwisha kuchukua.

"Ilete hiyo hita," alisema. Nikaileta. Aliiweka katikati ya sakafu, akapima kwa hatua kutoka kitandani, akaichomeka ukutani, akakaa chini mbele yake na mtoto mapajani. "Na mzee utamwambia mwenyewe."

Mzee hakusema neno siku tatu. Ya nne aliniambia, "Ungesema tu una baridi, dada. Mimi nalala na koti." Nimeishi na hilo pia. Kila mmoja wetu alikuwa anaficha baridi yake kama mtu anavyoficha deni: mzee na koti lake, Mama Mtoto na blanketi lake, mimi na begi langu. Tungezitoa mezani Novemba, tungekuwa na barua ya majina matatu Novemba. Woga wangu kwa mwenye nyumba ulikuwa wa kweli, mkataba wangu wa kazi na kibali changu cha kuishi vilikuwa nyuzi mbili nyembamba, lakini barua hiyo hatimaye tuliiandika mwishoni mwa Januari kwa nusu saa, kwenye meza ile ile ya risiti, na hakuna aliyefukuzwa. Mwenye nyumba alijibu baada ya wiki tatu. Alikuja na ufunguo, akalalamikia bei ya gesi, akaongeza saa moja mchana na saa moja usiku. Saa mbili. Vocha alisema atafuatilia.

Mama Mtoto alihama Aprili, akapata nyumba ya halmashauri mji mwingine. Aliondoka na hita, sikumuuliza. Hakuwahi kuniambia amenisamehe, wala hakuacha kunibakizia chakula kwenye sufuria, na sijui hayo mawili yanapatana vipi. Labda kwake hayakuwa na haja ya kupatana.

Chumba cha kati sasa yuko kijana kutoka Eritrea, anaosha magari, mpole sana. Hatuna lugha nzuri kati yetu, tunasalimiana kwa mikono. Sharti la hita tulimweleza kwa vidole na michoro. Novemba hii, usiku wa pili wa baridi kali, nilikuwa nimelala nikasikia chini ya sakafu mvumo mwembamba wa feni. Niliujua kabla sijaamka vizuri. Wiki hiyo umeme uliisha Ijumaa, na Jumamosi jioni nilimkuta mzee jikoni anapanga risiti kwa tarehe.

Nilishuka ngazi nikasimama mbele ya mlango wa kati. Nikagonga. Feni ikazima. Nikagonga tena.